Kurasa Alizozibana Mkalimani

Ukitaka kuazima kitabu kwa Mkalimani ilibidi uache chako, na kabla chako hakijapokelewa ulijibu maswali mawili. La kwanza lilikuwa: "Iko na mtoto?" Ukisema iko, alikuuliza la pili: "Anafika mwisho?" Ukianza kumung'unya maneno, kitabu kilibaki mkononi mwako na ulirudi ulikotoka. Nilimwona mwalimu wa sekondari, mtu mzima na tai yake, akigeuzwa mlangoni na riwaya mpya kabisa kwa sababu hakukumbuka vizuri kama msichana wa sura ya nne alipatikana hai.

Alizaliwa wapi sijui, na ukoo wake nawaachia wanaopenda kuhesabu koo. Nilipomjua alikuwa tayari amestaafu: mwanamke mrefu, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu, akiishi katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Manyatta, hapa Kisumu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusimama kortini kati ya hakimu na watu, akigeuza Dholuo kuwa Kiswahili au Kiingereza, kisha akigeuza tena majibu. Mtaa mzima ulimwita Mkalimani. Mbele yake tulimwita Mama.

Mimi nina duka dogo la uchapaji mjini. Mkate wangu unatoka kwenye vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu juu, ratiba ya ibada ndani, na wasifu unaosema kila mtu alikuwa mkarimu. Wateja wakipungua huwa naandika hadithi za upelelezi. Mkalimani alilijua hilo, akaniita Jandiko, yaani mwandishi, kwa sauti ya mtu aliyempa mbwa wake jina la Bwana Waziri.

Vitabu vyake vilijaza chumba cha mbele kutoka sakafuni hadi dirishani. Vingi alivichimbua mwenyewe soko la Kibuye, siku za Jumapili baada ya kanisa, kwenye marundo ya mitumba ambako vitabu hulala kati ya viatu na mapazia. Alitaka hadithi za mauaji tu. Za mapenzi aliziita uongo wa watu wavivu, na vitabu vya kufundisha jinsi ya kufanikiwa alivitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo wa ziwani.

Watu wazima wakiuawa alifurahi waziwazi. Nakumbuka Jumamosi moja tumekaa barazani, yeye na sinia la omena, dagaa wa ziwani, alizokuwa akizichagua, kitabu kimesimamishwa kwenye kopo la sukari. Ghafla akaanza kucheka hadi mabega yakatikisika. Mfanyabiashara mmoja tajiri alikuwa ametiliwa sumu kwenye supu na mke wa tatu. "Huyu alichelewa kufa," akasema, akaendelea na omena. Wanasiasa waliopigwa risasi, wenye nyumba waliosukumwa kutoka ghorofani, wachungaji waliokutwa wamekufa na mabegi ya sadaka: wote aliwasindikiza kwa moyo mweupe. Aliniambia kilichompendeza ni kwamba mwishoni mtu hushikwa. Kule alikofanya kazi, alisema, hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa inakosekana.

Kwa hiyo asiyemjua vizuri angedhani ni mwanamke mwenye moyo mgumu. Ilikuwa hivyo mpaka mtoto aingie.

Alisoma akiwa na stepla mapajani, ile nzito ya ofisini. Mtoto akitokea katika hadithi, uso wake ulibadilika na kasi ya kusoma ikapungua. Akiona mambo yanaelekea kule, alikomea katikati ya sentensi, hata haimalizi, akafunga kitabu juu ya kidole na kukiweka kando, mgongo juu. Kisha alikwenda kwenye bomba la uani kunawa mikono kwa sabuni ya mche, mpaka viwiko, na kutema mate kwenye mfereji. Hakufanya hivyo kuonyesha watu. Nilimkuta akifanya hivyo peke yake, kinywa kimepinda kama cha mtu aliyeng'ata samaki aliyeoza.

Hakuvitupa vitabu hivyo wala kuvichoma. Alizibana zile kurasa. Pini tatu ukingoni, juu, katikati na chini, na juu yake karatasi ndogo yenye mwandiko wake wa kortini: "Hapa mtoto anauawa. Aliyeua ni mjomba. Kisu kinatupwa kisimani. Endelea ukurasa wa 112." Ushahidi uliohitajika kuifuata hadithi aliutoa wote. Yaliyobaki aliyafunga.

Muuguzi mmoja, jirani yake, aliwahi kulalamika kwamba amemharibia kitabu kwa kumtajia mwuaji sura sita kabla ya wakati. Mkalimani alimjibu kwamba katika kitabu hicho mtu mmoja tu ndiye aliyeharibiwa, na si muuguzi.

Sasa utauliza: kama hakusoma kurasa zile, alijuaje kisu kimetupwa wapi? Alijua kwa sababu mimi nilimsomea. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu katika nyumba ile. Nilipita kwake mara moja kwa wiki, nikakuta vitabu viwili vitatu vimepangwa kando, kila kimoja na kijiti mahali alipokomea. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikasoma kimoyomoyo kuanzia kwenye kijiti mpaka mtoto amalizwe, kisha nikamtolea taarifa: nani, kwa nini, nini kiliachwa wapi. Nikizidisha neno aliinua kiganja. "Hiyo sijauliza."

Nilifanya kazi hiyo miaka saba. Fikiria basi: mtu anayesoma kurasa zile tu, kitabu baada ya kitabu, bila ya mbele na bila ya nyuma. Mwanzoni nilitoka kwake nikiwa sina hamu ya chakula. Baadaye nikaanza kula kwake kabla ya kuondoka. Baadaye tena, na hili naliandika nikiwa nimekunja uso, nikaanza kuwalinganisha waandishi. Huyu ameharakisha. Huyu amechelewesha vizuri. Huyu anajua kuweka kitu kidogo, daftari la shule au kipande cha muwa, ili msomaji aumie zaidi. Nilijifunza mahali mkono wa mwandishi unapokaa wakati anafanya jambo lile, na sikuona kwamba mkono wangu ulikuwa unajifunza.

Majalada ya vitabu vya namna hiyo pia nilianza kuyaelewa. Wewe pia umeyaona: kiatu kimoja cha mtoto kwenye matope, mdoli asiye na jicho, bembea tupu. Mkalimani alivilaza vitabu hivyo kifudifudi na kusema, "Kiatu tena." Mimi ni mchapaji, najua kinachofanyika. Mtu alikaa mbele ya kompyuta, chai pembeni, akitafuta kiatu kinachofaa, akakikataa kimoja kwa sababu ni kipya mno na kingine kwa sababu hakisikitishi vya kutosha. Siku hizi nikiliona jalada la namna hiyo nami hulilaza kifudifudi, na si kwa sababu ya mtoto asiyekuwepo pale. Ni kwa sababu ya yule aliyechagua kiatu.

Kulikuwa na polisi mmoja aliyekuwa mwazimaji mzuri, mpole, anayerudisha vitabu kwa wakati. Siku moja alirudisha kitabu, Mkalimani akakipapasa ukingoni, akakuta matundu mawili mawili. Pini zilikuwa zimetolewa na kurudishwa. Akamuuliza kama ameona alichotaka kuona. Polisi akacheka, akasema ni udadisi tu, na kwamba kazini anaona makubwa kuliko hayo. Tangu siku hiyo hakuazimwa tena. Mkalimani aliniambia kazini yule bwana huona kwa sababu lazima mtu aone. Nyumbani alikuwa anatafuta nini?

Nisimpake mafuta kumfanya mtakatifu wa watoto. Hakuwapenda. Wa mtaani walimwogopa, na walikuwa na sababu. Mpira ukiingia uani kwake ulikaa juma zima juu ya paa la choo kabla hajauachia. Mtoto akilia kanisani aligeuka na kumkazia macho mpaka mama mtu atoke naye nje. Hakubeba wachanga wa watu, hakuuliza wameanza kutembea lini. Nilipomtania kuhusu jambo hilo aliniangalia kama anayemwangalia mtu asiyejua kitu. "Jandiko, kwani lazima nimpende mtu ndio nisitake kukaa nikimwangalia akichinjwa, nikikunywa chai?"

Watu waliofika kortini enzi zake wanamkumbuka kwa kitu kimoja, kwamba hakuacha neno. Wazee wengine walimchukia kwa sababu hiyo. Kuna mshtakiwa, mwizi wa ng'ombe kutoka upande wa Nyakach, alisimama kizimbani akamtukana hakimu kwa Dholuo, tusi refu lililoanzia kwa mama, likapita kwa nyanya na kuishia kwenye punda wawili. Watu wakaangua kicheko wakingoja kuona Mkalimani atafanyaje. Akageuka kwa hakimu, mikono nyuma, akalitafsiri lote, nyanya na punda wake, kwa Kiingereza safi, bila kupandisha wala kushusha sauti. Akamaliza kwa kusema, "Ni hayo tu, mheshimiwa." Hadithi hiyo imenifikia kupitia watu wanne tofauti, na nilipomuuliza alisema punda alikuwa mmoja, watu wamemwongezea mwenzake.

Ndiyo maana alinitatanisha. Huyu aliyezoea kutoa kila neno mbele ya umma ndiye aliyekuwa akibana kurasa kwa pini. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili aliniambia nimalize chai.

Kitabu changu sasa.

Nilikiandika kwa Kiingereza, lugha ya fomu na barua, kwa miaka miwili. Mpelelezi wangu alikuwa mwanamke wa Kisumu na mwuaji alikuwa mtu mwenye boti nyingi. Mhariri mmoja wa Nairobi akakipenda, akaniandikia kwamba kinakosa kitu kimoja. Maiti ya kwanza ilikuwa ya karani wa halmashauri, na hakuna anayemlilia karani. Ingekuwa ya mtoto. Na iwe ukurasa wa kwanza, na msomaji amwone.

Sikufikiri hata nusu saa. Miaka saba ya kiti cha plastiki ilikuja yote mikononi. Niliiandika sura ile kwa mchana mmoja dukani, kati ya kijitabu cha mzee wa kanisa na kijitabu cha mama wa kikundi cha akina mama. Mtoto alipatikana kwenye magugu maji, ufukweni. Mengine siyaandiki hapa. Lakini kuna jambo moja lazima niliseme, maana nikilificha basi hakuna faida ya kuandika haya.

Nguo aliyovaa mtoto wa kitabu changu haikuwa ya kubuni. Miezi michache kabla, mama mmoja wa Obunga anayekaanga samaki kando ya barabara alikuja dukani na picha ya bintiye. Mtoto alikuwa ameugua siku chache tu, akafa. Katika picha amevaa gauni la njano, na kola upande mmoja imeingia ndani, imejikunja. Mama akaniuliza, kwa Dholuo, akiwa anaona haya, kama kompyuta inaweza kuitoa ile kola ikae vizuri, kwa sababu asubuhi ile walikuwa wamechelewa kwa mpiga picha na hakuiona. Niliitengeneza. Alishika karatasi ikiwa bado na joto la mashine, akasema sasa mtoto amependeza.

Katika kitabu changu nililichukua gauni lile, nikairudisha kola ilivyokuwa.

Mhariri alifurahi sana. Daktari mmoja, mteja wangu, akanialika niwasomee sura hiyo marafiki zake, watu wa kundi la wasomaji, kwenye jumba lake la Milimani. Magari yalijaa uani, sambusa zilikuwa za nyama tupu, na mimi nilivaa koti la kukodi. Nikasoma. Nilipofika kwenye gauni, mwanamke mmoja alisimama, akaweka sahani chini kwa uangalifu, akatoka, hakurudi. Mwenyeji akaniomba radhi kwa niaba yake, akasema ana watoto wadogo, kana kwamba anautaja ugonjwa. Wengine walipiga makofi. Bwana mmoja mwenye saa kubwa akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia, "Umemuua vizuri sana yule mtoto."

Nikamshukuru. Nikachukua sambusa nyingine. Wakati ule niliona ni siku njema ya maisha yangu.

Nilimpelekea Mkalimani sura ile kwa sababu nilitaka anisifu. Hakuniuliza maswali yake mawili. Nafikiri alidhani, kwa kuwa ni mimi, hakuna haja. Akavaa miwani, akaanza. Alisoma nusu ukurasa. Kisha karatasi zikatua mapajani, naye akavua miwani.

"Hii umejifunza kwangu," alisema.

Hakuchukua stepla. Alinirudishia karatasi zote zikiwa zimenyooshwa vizuri, akaenda bombani. Nilimsikia akinawa, na maji yaliendelea kumwagika mpaka nikachoka kungoja nikaondoka. Sikwenda tena kwake. Nilikuwa nimekasirika. Nilijiambia ni bibi wa kizamani asiyejua fasihi, kwamba ulimwengu una mambo mabaya na mwandishi hawezi kuufumba macho. Maneno hayo niliyasema kwa watu wengi, na wengi walikubali, nami sikuacha kuyasema.

Yakapita miezi kumi na minne. Macho yake yaliharibika kwa ugonjwa wa sukari, na mwanawe akamhamishia Ahero, kwenye boma la marehemu mumewe, karibu na mashamba ya mpunga. Vitabu viligawanywa mtaani. Mimi sikuomba hata kimoja. Kisha barua ya mwisho ya mhariri ikafika: kitabu kinakwenda mtamboni mwezi ujao, sura ya kwanza ikae ilivyo, nithibitishe kwa neno moja tu. Nilikaa na barua hiyo wiki nzima bila kujibu. Kila nikitaka kuandika hilo neno moja, mama wa Obunga alipita kwenye mawazo yangu na beseni lake la samaki. Bintiye mkubwa alikuwa amemaliza sekondari. Alikuwa anasoma Kiingereza kuliko mimi, na gauni la mdogo wake angelitambua.

Nikapiga chapa sura ile, nikapanda matatu kwenda Ahero asubuhi. Mafuriko ya msimu ule yalikuwa yamekwisha lakini alama yake ilikuwa ukutani, mstari wa udongo unaonifika kiunoni. Mkalimani alikuwa amekaa sebuleni kwenye kochi, blanketi magotini, macho yameelekea mlangoni bila kuniona. Alinijua kwa kikohozi.

"Jandiko. Umekuja na hiyo kitu?"

Nikamwambia nimekuja nayo. Nikamweleza barua ya mhariri, na mama wa Obunga, na gauni, na kola. Sikuwahi kumwambia mtu. Alisikiliza bila kutikisa kichwa. Mkaza mwanawe akaleta uji, akaweka, akatoka.

"Nisomee," akasema.

Nikashika karatasi. Nilipoanza sentensi ya kwanza akaninyamazisha kwa kile kiganja chake.

"Hapana. Kizungu ilikuwa ya hakimu. Mimi nisomee na Dholuo."

Nilidhani ni jambo dogo. Dholuo ndiyo lugha niliyoanza nayo kusema. Sentensi ya kwanza ilihusu ziwa asubuhi, ikapita. Ya pili ilihusu mvuvi aliyeyasukuma magugu kwa kasia, nayo ikapita, ingawa nilisikia sauti yangu imekuwa ya mtu mwingine. Ya tatu ilikuwa gauni. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mbele ya watu ishirini na sambusa. Kwa Dholuo, neno la kwanza tu lilipotoka, mama yule alikuwa pale mbele yangu, kwa sauti yake ileile ya haya, akiniuliza kama kola inaweza kukaa vizuri. Nikaruka mistari, nikafungua ukurasa wa pili.

"Umeruka," akasema Mkalimani. "Rudi."

Nikarudi. Nikafungua mdomo. Kilichokuja ni kichefuchefu, kile cha kweli, cha tumboni, mpaka ikabidi nishike mkono wa kochi. Nikaona wazi nilichokuwa nimeandika, na nikajua kwamba hakuna mtu yeyote, katika lugha ambayo mama yangu aliniitia chakula, ambaye ningeweza kumwambia maneno yale nikimwangalia usoni.

"Siwezi, Mama," nikasema.

Alipapasa kikombe cha uji, akakisogeza kando. Nje mtu alikuwa anapepeta mchele.

"Kuna mtoto aliweza," akasema. "Msichana. Miaka saba."

Kisha akanieleza, polepole, nami naeleza kwa kifupi kama alivyotaka. Ilikuwa siku za mwanzo za kazi yake. Siku hizo milango ya korti haikufungwa watoto wakitoa ushahidi. Aliyetaka aliingia na kukaa. Msichana alisimama juu ya sanduku ili hakimu amwone. Akaulizwa alifanyiwa nini, akasema yote, kwa Dholuo, kwa mpangilio, kila kitu kwa jina lake. Na kwenye benchi la pili alikuwa amekaa baba mkwe wa Mkalimani, aliyekuja kwa kesi ya mpaka wa shamba na kuwahi mapema. Kwetu, mke wa mtu hawezi kuyatamka maneno kama yale mbele ya baba wa mumewe. Ni aibu isiyofutika, mtu aweza kurudishwa kwao. Mkalimani alikuwa ameolewa mwaka ule.

"Nikageukia hakimu," akasema. "Nikamwambia na Kiswahili, anasema alifanyiwa tabia mbaya. Hakimu akaandika hivyo tu. Tabia mbaya."

Nikauliza kama mshtakiwa aliachiliwa. Akasema wakili wake alisimama mwisho wa kesi akauliza, tabia mbaya gani? Kutukana? Kupiga kofi? Hakuna palipoandikwa. Mshtakiwa akaenda nyumbani. Walikuwa majirani na mtoto.

"Lakini hiyo sio yenye inanisumbua," akasema. Mikono yake ilikuwa inasuguana juu ya blanketi, kiganja juu ya kiganja. "Mtoto alikuwa anajua Kiswahili kidogo, ya shule. Akaona yangu imekuwa fupi. Akafikiria sijasikia. Akaniangalia, akarudia yote tena, mos mos, polepole, kwa sauti kubwa, ndio nisikie vizuri. Na mimi nikasema tena, tabia mbaya."

Nilizigeuza karatasi zangu kifudifudi mapajani.

"Yule alikuwa anaongea kwa sababu alitaka hiyo mambo isimame," akasema baadaye. "Hapo ilitakikana kila neno. Mimi ndio nikabana. Sasa wewe, hii yako, nani amekuomba? Inasimamisha nini?"

Nikatoa simu nikamwandikia mhariri pale pale, juu ya kochi, uji ukipoa. Aliposikia vidole vyangu vinagonga kioo akauliza nimeandika nini. Zilikuwa sentensi tatu. Nimemtoa mtoto na nguo yake, hawarudi. Kama bila wao hakuna kitabu, basi kisiwepo kitabu. Samahani kwa kuchelewa. Nikamsomea zote kwa Dholuo, bila kuruka, sauti yangu ikiwa yangu.

"Hiyo nimesikia," alisema.